Mtoto akisema "kwa sababu", muulize "umejuaje?"

Chukua sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Barabara imelowa kwa sababu mvua imenyesha." Ya pili: "Mvua imenyesha kwa sababu barabara imelowa." Mtoto akiandika ile ya pili kwenye daftari, walimu wengi tunaweka mkasi hapo hapo bila kufikiria mara mbili, maana barabara kulowa hakuwezi kuleta mvua, hilo halina mjadala. Ila hebu mfuate huyo mtoto kidogo. Usiku alilala fofofo hakusikia kitu, asubuhi kachungulia dirishani kaona lami inang'aa maji, akageuka akamwambia mwenzake "usiku mvua imenyesha". Mwenzake akabisha. Sasa ulitaka amjibu nini? Kamwonyesha barabara, na hapo amejibu sawasawa kabisa.

Kwa hiyo sentensi zote mbili ziko sawa, ila "kwa sababu" ya kwanza na "kwa sababu" ya pili hazifanyi kazi moja. Ya kwanza inataja chanzo, yaani kitu gani kimeleta kitu gani. Ya pili inataja kile kinachotufanya tuamini kwamba jambo limetokea. Kiswahili kinazibeba zote mbili kwenye neno moja, sababu, na kwenye maongezi ya kawaida hatusumbuki maana mnaongea mkiwa sehemu moja na mnaelewana. Shida inaanza pale tunapomwambia mtoto "toa sababu" halafu hatumwambii tunataka ipi. Naamini kabisa kwamba sehemu kubwa ya ugumu wa kufundisha hoja kwa watoto imejificha hapo, kwenye hilo neno moja, kabla hata hatujagusa mambo mazito ya mantiki.

Kuna neno lingine la kila siku linalosaidia, nalo ni "maana". "Mvua imenyesha, maana barabara imelowa." Isikilize hiyo sentensi, haikwaruzi sikio hata kidogo. Hapo kila mtu anaelewa kwamba msemaji hazungumzii kilicholeta mvua, anatoa kinachomfanya aseme mvua imenyesha. Ukiwa na darasa la wadogo unaweza kuanza na hilo tu: sema unachoamini, weka "maana", halafu tuambie umeona nini. Hakuna haja ya kuwaandikia ubaoni tafsiri ya neno ushahidi.

Ila kinachofanya kazi zaidi ni maswali. "Kwa nini?" ni swali moja na "umejuaje?" ni swali lingine kabisa, na mtoto anatakiwa ayasikie yote mawili, kila moja kwa wakati wake, mpaka ayazoee. Kwa nini mvua imenyesha? Hapo unaongelea mvuke, mawingu, baridi ya huko juu. Umejuaje kwamba imenyesha? Hapo unaongelea barabara, majani, ndoo iliyosahaulika nje. Mtoto wa miaka saba ukimpitisha kwenye mifano kama hii mara tano sita anaanza kuitenganisha mwenyewe, na siku si nyingi anakushtukia wewe mzazi ukijibu swali ambalo hakuliuliza.

Na usidhani wanaochanganya ni watoto tu. Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Marekani Deanna Kuhn alichapisha utafiti wa watu 160, kuanzia vijana wa sekondari mpaka watu wa miaka ya sitini. Aliwauliza mambo ambayo kila mtu ana maoni nayo, kwa mfano kwa nini wafungwa wakitoka jela wengine wanarudia uhalifu, na kwa nini watoto wengine wanafeli shule. Majibu yalikuwepo tele. Halafu akawauliza wangetoa ushahidi gani kuonyesha kwamba hicho wanachosema ndo chenyewe, na hapo mambo yakabadilika, maana waliotoa ushahidi wa kweli hawakufika nusu. Wengi walitoa stori.

Hii ya stori naomba tuisimamie kidogo kwa sababu ndo inayotokea darasani kila siku. Mtoto anasema "watoto wanafeli kwa kukosa msaada nyumbani". Unamuuliza umejuaje. Anakwambia: "Kwa sababu mtoto akirudi nyumbani hana wa kumwelekeza homuweki, anakata tamaa, kesho anaogopa kuja shule, anazidi kubaki nyuma, mwisho anafeli." Ni maelezo mazuri, yamepangika vizuri, na walimu wengi tungempa alama zote. Lakini ukiangalia vizuri hajakwambia amejuaje. Amekueleza kitu hicho kingewezaje kutokea kama ni kweli, na hiyo ni stori inayowezekana, ila stori nyingine inayowezekana vile vile ipo, kwamba mtoto anafeli kwa sababu haoni vizuri ubaoni. Zote mbili zinateleza vizuri masikioni. Ushahidi ni kile kitakachokusaidia kujua kati ya stori hizi mbili ushike ipi, mfano ukichukua watoto wanaosaidiwa nyumbani na wasiosaidiwa, ukalinganisha wanavyofaulu, au ukawapima macho hao wanaofeli. Stori nzuri inaanzisha uchunguzi tu, na mtoto akizoea kuishia kwenye stori atakuwa mtu mzima anayeishia kwenye stori.

Halafu kuna hili la neno lenyewe kuwa na nguvu kuliko kilichomo ndani yake. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Ellen Langer na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika kwenye mashine ya fotokopi. Mtu anakuja anaomba apishwe atoe kopi tano. Wengine waliombwa bila sababu yoyote, asilimia 60 wakakubali. Wengine wakapewa sababu ya kweli, kwamba mwombaji ana haraka, wakakubali asilimia 94. Kundi la tatu wakaambiwa "naomba nitumie mashine kwa sababu nahitaji kutoa kopi", ambayo sio sababu kabisa, kila aliyepo kwenye ile mashine anahitaji kutoa kopi, na bado asilimia 93 wakakubali! Kopi zilipokuwa 20 badala ya tano mchezo ukaisha, waliopewa hiyo sababu hewa wakakubali asilimia 24, sawasawa na wasiopewa kitu, na waliopewa sababu ya kweli wakafika 42. Yaani jambo likiwa dogo sikio linashika "kwa sababu" linatosheka, jambo likiwa na gharama ndo watu wanasikiliza kinachofuata baada ya hilo neno.

Zoezi linalotokana na hapo ni jepesi na watoto wanalipenda. Waandikie hoja fupi fupi, halafu waambie wafute "kwa sababu" na wasome kilichobaki kama sentensi inayojitegemea. "Huu ndo mchezo bora kwa sababu hakuna mchezo unaoushinda." Futa, soma: "Huu ndo mchezo bora. Hakuna mchezo unaoushinda." Hapo hapo wanagundua kitu kimoja kimesemwa mara mbili. Hiyo ndo hoja ya kuzunguka, inaondoka mlangoni na kurudi mlango ule ule.

Cha kutia moyo ni kwamba watoto hawaji kwetu wakiwa hawana kitu. Hugo Mercier, Stéphane Bernard na Fabrice Clément mwaka 2014 walichapisha utafiti wa watoto wa miaka 3, 4 na 5 waliosikiliza watu wawili wanaopingana, mmoja akiwa na hoja ya maana na mwingine hoja ya kuzunguka, na watoto wa umri wote huo, hata wale wa miaka mitatu, waliegemea kwa mwenye hoja ya maana. Ila walipowekewa hoja ya kuzunguka dhidi ya mtu ambaye hakutoa sababu yoyote, wale wa miaka 4 na 5 waliegemea kwenye hoja ya kuzunguka, wa miaka mitatu hawakufanya hivyo. Mimi hilo lilinigusa sana. Kama ni hivyo basi lile sikio la kutosheka na neno "kwa sababu" linaanza mapema, na linakua pamoja na uwezo mzuri wa kupima hoja, ndani ya mtoto huyo huyo. Kazi yetu ni kuamua kipi kati ya hivyo viwili tukimwagilie maji.

Sasa tuje kwenye ushahidi wenyewe. Hili neno nalo lina mambo yake. Ushahidi unatokana na shahidi, na shahidi kwenye akili ya mtoto ni mtu aliyekuwepo akaona. Kwa hiyo mtoto akiambiwa alete ushahidi anatafuta mtu. "Hata fulani aliona." "Dada ameniambia." Sio kosa, mtu aliyeona ni ushahidi wa aina moja, ila akibaki hapo hataelewa namba zinawezaje kuwa ushahidi, au kipimo, au alama iliyoachwa chini. Kwa upande mwingine tuna neno dalili ambalo watoto wanalielewa vizuri tu, na tuna methali inayosema dalili ya mvua ni mawingu. Itumie hiyo. Waulize: mawingu yakiwepo mvua lazima inyeshe? Watasema hapana, mara ngapi yamekuja yakapita. Kwa hiyo mawingu hayana maana? Hapana, yana maana, bila mawingu usingetegemea mvua. Basi tusemeje? Hapo ndo unawaingizia "huenda", "kwa kawaida", "inaelekea", "lazima", na wanaona kila neno kati ya hayo lina uzito wake, na kwamba uzito wa neno unatakiwa uendane na uzito wa ushahidi. Mtoto aliyeona wingu moja halafu akasema "lazima itanyesha" ametumia neno kubwa kuliko alichonacho mkononi.

Methali hiyo ina mwenzake ambaye tunatakiwa kumwangalia kwa makini zaidi: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Inatumika sana pale mtu anapotaka uvumi upite bila kuulizwa. Usiikwepe, ilete darasani, waulize watoto kama wanakubaliana nayo na wameshawahi kusikia jambo lililosemwa sana na halikuwepo na wala halikuja. Watakuwa na mifano mpaka kipindi kiishe.

Mfano nisiouacha, ambao mimi naona unafundisha kuliko yote, ni wa London mwaka 1854. Kipindupindu kililipuka mtaa wa Soho mwisho wa Agosti, watu wakafa kwa mamia ndani ya siku chache, jumla ikapita 600. Wakati ule madaktari wengi waliamini ugonjwa huo unaletwa na hewa chafu yenye harufu. Daktari John Snow alidai unaletwa na maji, na pale Soho alinyooshea kidole pampu moja ya maji iliyokuwa Broad Street. Wape watoto dai hilo, halafu waulize umejuaje, Daktari Snow?

Ushahidi wa kwanza: waliokufa wengi waliishi karibu na ile pampu. Watoto watashangilia, kesi imeisha. Hapana. Mtu wa hewa chafu naye anaweza kukwambia sawa, hewa ya maeneo hayo hayo ndo ilikuwa chafu zaidi. Ushahidi huo unakaa vizuri kwa Snow na unakaa vizuri kwa mpinzani wake pia, kwa hiyo hautusaidii kuchagua. Tuendelee. Jirani tu na hapo kulikuwa na nyumba ya kutunzia maskini yenye watu 535, waliokufa kwa kipindupindu walikuwa watano. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Kwenye mtaa wenyewe wa Broad Street kulikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, hakufa hata mmoja, nao walikuwa wanakunywa bia ya kiwandani na walikuwa na maji yao. Hao wote walivuta hewa ile ile. Halafu kulikuwa na mama mjane aliyeishi Hampstead, mbali kabisa na Soho, ambaye aliyapenda maji ya ile pampu na alikuwa akiletewa mpaka kwake. Akafa kwa kipindupindu. Hewa ya Soho hakuivuta, maji aliyanywa.

Hapo subiri, usiongee. Kuna ukimya fulani unaingia darasani wakati watoto wanaunganisha wenyewe, na ukikimbilia kuwafafanulia umewanyang'anya. Watakachogundua ni kwamba ushahidi wenye nguvu haukuwa wa wale mamia waliokufa karibu na pampu, ulikuwa wa watu wachache waliokaa kinyume na matarajio, waliokuwa karibu wakapona na aliyekuwa mbali akafa. Kilichowafanya wawe na nguvu ni kwamba dai moja linaweza kuwaeleza na lingine linashindwa.

Na kuna kipande cha mwisho ambacho watu wanapenda kukisimulia vibaya. Mpini wa pampu uliondolewa Septemba 8, na stori inayozunguka ni kwamba mpini ukatoka na ugonjwa ukakoma. Ukweli ni kwamba wagonjwa wapya walikuwa wameshaanza kupungua kabla ya hapo, watu wengi walikuwa wameshakimbia mtaa, na Snow mwenyewe alilikiri hilo kwenye maandishi yake. Waambie watoto na hili. Wanahitaji kuona kwamba mtu anaweza kuwa sahihi kwenye dai lake na bado akakataa ushahidi mmoja unaompendezesha kwa kuwa hautoshi, na mimi kwangu huo ndo uaminifu ambao ningependa kila mtoto aukute angalau mara moja shuleni.

Tumebakiza swali la tatu, na hili linapita hapa katikati ya ushahidi na dai. Mwanafalsafa wa Uingereza Stephen Toulmin mwaka 1958 alichambua hoja akasema hazina sehemu mbili tu. Kati ya ushahidi na dai kuna kanuni ambayo mara nyingi haitamkwi, inayoturuhusu kutoka kwenye huu kwenda kwenye lile, na nje yake kuna kiasi cha uhakika na mazingira ambayo hoja ingevunjika. Walimu wa sayansi wengi leo wanatumia toleo lililofupishwa la mchoro huo, dai, ushahidi na ufafanuzi wa jinsi ushahidi unavyobeba dai. Kwa mtoto sihitaji neno gumu, kuna swali la mtaani linalofanya kazi hiyo vizuri sana: "ndo iweje?"

Mfano mtoto anasema: "Shule ianze saa tatu asubuhi, maana wanafunzi wengi wanasinzia kipindi cha kwanza." Umejuaje wanasinzia? Nimewahesabu, siku tano mfululizo, kila siku zaidi ya kumi. Vizuri sana, ushahidi upo na umehesabiwa. Ndo iweje? Hapo anakwama kidogo, halafu anasema, wakilala zaidi hawatasinzia. Aha! Kumbe kuna kitu alikuwa amekiamini kimya kimya, kwamba wanasinzia kwa kuamshwa mapema, na kwamba shule ikichelewa kuanza watalala zaidi. Je kama wanasinzia kwa kuwa wanachelewa kulala, wako na simu mpaka usiku wa manane, na shule ikisogea mbele nao watasogeza saa ya kulala? Sisemi dai lake ni baya, huenda yuko sahihi kabisa. Nasema sasa amekiona kiungo kilichokuwa gizani, na anajua akitaka hoja yake isimame aende akatafute ushahidi wa hapo, sio kuongeza hesabu ya wanaosinzia.

Najua "ndo iweje" kwa sauti fulani ni dharau, na mtoto akiwatupia wakubwa ataonekana hana adabu. Mfundishe na namna ya kuliuliza: "sasa hilo linatuonyeshaje kwamba...?" au "nisaidie kuelewa hapo inaunganaje". Swali ni lile lile ila limevaa nguo. Kusema kweli watu wazima wengi nao wangefaidika na hilo.

Kuhusu umri, usimrundikie mtoto maswali yote matatu siku moja. Viwango vya masomo vilivyotolewa Marekani mwaka 2010 vinapanga ngazi ambazo naziona zina busara: darasa la kwanza mtoto ataje tu sababu ambazo mwandishi ametoa, la tano aonyeshe ushahidi upi unabeba pointi ipi, la sita atenganishe madai yenye ushahidi na yasiyo nao, na mpaka la nane ndo anatakiwa agundue ushahidi ulioingizwa na hauhusiani na kinachojadiliwa. Angalia hiyo ya mwisho ilivyochelewa. Ushahidi usiohusika ni mgumu kuushtukia kwa sababu mara nyingi wenyewe ni wa kweli! "Dawa hii ya meno ni bora, imekuwa ikitengenezwa kwa miaka hamsini." Miaka hamsini ni kweli, unaweza kuthibitisha. Ndo iweje sasa, meno yanasafishika zaidi?

Na je inafundishika kweli, kwenye madarasa ya kawaida yenye watoto wengi? Jibu zuri ninalolijua limetoka Uganda. Mwaka 2016 watafiti walichukua shule za msingi 120 na watoto zaidi ya 10,000, wengi wa miaka 10 hadi 12, nusu ya shule zikapewa kitabu cha katuni na vipindi tisa ndani ya muhula mmoja vya kuwafundisha watoto kupima madai ya tiba: kwamba mtu mmoja kutumia kitu akapona hakutoshi, kwamba tiba ya zamani sio lazima iwe nzuri, kwamba inabidi ulinganishe waliotumia na wasiotumia. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2017. Kwenye shule zilizofundishwa, asilimia 69 ya watoto walifikia alama ya kufaulu, kwenye shule ambazo hazikufundishwa ni asilimia 27. Sio kwamba walichagua watoto vipaji, ni shule za kawaida na walimu wake wale wale. Na ona kilichofanya matokeo hayo yaaminike: kulikuwa na shule za kulinganisha nazo. Utafiti wenyewe umejengwa kwa kile unachofundisha.

Kitu ambacho mimi nina wasiwasi nacho ni midahalo ya mashindano. Watoto wanagawanywa upande wa kutetea na wa kupinga, kila mmoja anapanga pointi zake, anapanda mbele anazimwaga, makofi, anayefuata. Inajenga ujasiri wa kusimama mbele za watu, hilo silipingi. Lakini ukisikiliza vizuri hakuna anayemjibu mwenzake, na mtoto anajifunza kwamba ushahidi ni silaha ya kubeba na pointi ya mpinzani ni kitu cha kuziba masikio. Deanna Kuhn na Amanda Crowell mwaka 2011 walichapisha matokeo ya miaka mitatu na watoto wa darasa la sita hadi la nane kwenye shule moja New York ambapo walibadilisha mtindo: watoto wawili wa upande mmoja wanakaa pamoja wanachati kwa maandishi na wawili wa upande wa pili. Kabla ya kutuma meseji inabidi wakubaliane, na kilichoandikwa kinabaki, wanaweza kurudi kukisoma na kujiuliza hapa walitujibu au walituhepa. Baadaye walipoandika insha kila mtu peke yake, waliopita kwenye njia hiyo walizijadili pande zote mbili vizuri kuliko wenzao waliokuwa wakijadili darasa zima na kuandika insha nyingi zaidi. Kompyuta sio lazima kwa maoni yangu, karatasi inayozunguka kati ya meza mbili inatosha. Cha muhimu ni kule kwenda polepole na kule kulazimika kumjibu mtu.

Kuna sababu inayofanya hoja za wenzako zikufundishe kuliko zako. Mercier na Dan Sperber wamekuwa wakitetea tangu 2011 kwamba sisi binadamu ni wavivu tukikagua hoja zetu wenyewe, ila tukikagua za wengine tunakuwa makini. Kwa hiyo anza na hoja za wengine. Mpe mtoto tangazo, mpe barua, mpe hoja ya darasa lingine alipasue. Akishazoea ndo umrudishie insha yake ya mwezi uliopita na umwambie aisome kama vile imeandikwa na mtu asiyempenda.

Ila zipo hatari, na naomba nisizifiche. Mtoto akishajifunza "umejuaje" anaweza kuligeuza fimbo, kila anachoambiwa "huna ushahidi, huna ushahidi", na akafikia kuamini tu alichokiona kwa macho yake. Huyo hajafundishwa vizuri. Hakuna mtu anayeweza kujihakikishia kila kitu, mimi sijawahi kupima umbali wa jua na naamini walioupima, na naamini kwa sababu najua walivyopima, kwamba wengine walipima wakapata hivyo hivyo, na kwamba kukosea kwao kungeonekana. Kuambiwa ni ushahidi halali kabisa ikiwa aliyekuambia alikuwa na njia ya kujua na hana faida ya kukudanganya. Kwa hiyo "umejuaje?" inafuatwa na "na yeye alijuaje?", mnafuatilia mpaka mfike kwa mtu aliyeona au aliyepima, au mpaka mgundue kwamba hakuna, kila mmoja alisikia kwa mwingine.

Na wewe mzazi au mwalimu siku moja utaulizwa. Mtoto atakutazama usoni na kukuuliza umejuaje. Ukimjibu "kwa sababu nimesema", umemfundisha kwamba mwenye sauti kubwa ndo mwenye ushahidi, na somo hilo litakaa kuliko mazoezi yote ya darasani. Wakati mwingine kweli hakuna muda wa kueleza, mtoto yuko katikati ya barabara, mvute kwanza. Lakini mkishavuka rudi umjibu.

Jibu moja ambalo watoto wanaliogopa ni "sijui, nilisikia tu". Lipokee vizuri, mtoto aliyesema hivyo amefanya kazi ngumu ya kukagua alichonacho na kukuta ni kidogo. Kwenye madarasa mimi napenda karatasi kubwa ukutani yenye sehemu nne: tumeona, tumepima, tumesoma, tumesikia tu. Kila dai linaloletwa na watoto linaandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa mahali pake, na mtu yeyote anaruhusiwa kulihamisha siku yoyote akileta kitu kipya, mradi awaeleze wenzake kwa nini analihamisha na amejuaje.